Maneno Aliyotiwa Kinywani Bwana Yefim

Mpwapwa,
14 Novemba 2023

Mpwa wangu mpendwa Erica,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nami naomba uniwie radhi kwa kukusumbua katikati ya kazi zako. Ningekupigia simu kama wafanyavyo wenzangu, lakini unajua sikio langu la kushoto liliniaga zamani, na la kulia siku hizi husikia kengele ya kanisa, radi, na mtu anayepiga kelele kwa karibu. Kwa hiyo barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, kijana mstaarabu, naye ameahidi kukufikishia.

Sisi hapa hatujambo. Mvua zimeanza vizuri. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Msalaba wa saruji umekwisha kusimamishwa juu ya kaburi la mke wangu Dorkasi, mama yako aliyekulea, na shemeji yangu Daudi ndiye aliyebeba mawe kutoka korongoni. Alikataa kusaidiwa. Alisema dada yake hawezi kulala chini ya mawe yaliyobebwa na vibarua. Nilishukuru sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na unisamehe kama ni dogo.

Jumamosi iliyopita Meshack, yule mwenye kibanda cha video karibu na stendi, alinifuata nyumbani, akaniinamia sikioni na kupaza sauti: "Mzee Bartolomayo! Leo unakaa mbele, bure kabisa! Mpwa wako ndiye anayezungumza ndani ya filamu!" Nilivaa koti langu la kanisani, nikaenda. Nilikuwa na fahari, Erica. Sikuwahi kuingia humo tangu kijengwe.

Sikusikia neno hata moja, lakini niliona. Niliona theluji, nyumba kubwa yenye madirisha mengi, na mzee mmoja wa Kizungu mwenye koti refu akimmiminia mkewe chai kutoka kwenye birika la mkaa. Akampa kikombe kwa mikono miwili. Hapo watu wote wa kibandani wakacheka, wakageuka kunitazama. Nami nikacheka, nikidhani wananipongeza kwa ajili yako. Kisha likaonekana jeneza. Kicheko kikakatika, lakini macho yao hayakurudi ukutani. Yalibaki kwangu.

Nilisimama, nikawaomba radhi walio nyuma yangu, nikatoka kabla filamu haijaisha. Mlangoni nilimpa mkono mke wa Meshack. Hakuupokea.

Naomba tu kujua, mwanangu: yule mzee alisema nini? Na mwisho wake ulikuwaje?

Wasalimie wote hapo Area D.

Mjomba wako,
Bartolomayo Ndahani


Area D, Dodoma,
5 Desemba 2023

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ilikaa stendi wiki nzima, kisha tukawa na kazi nyingi, filamu tatu kwa mpigo. Mimi ni mzima. Chumba changu kinavuja kidogo upande wa dirisha, lakini mwenye nyumba ameahidi bati. Nimekununulia sweta la kijivu, litakuja na kondakta huyohuyo. Nimefurahi kusikia habari za msalaba wa mama. Mwambie mjomba Daudi nashukuru.

Kuhusu filamu, usihangaike, Mjomba. Ni filamu ya kihistoria tu ya Ulaya, imetengenezwa kutoka riwaya ya zamani ya Kirusi, ya nyakati za mabwana wenye mashamba na watumwa wao. Waigizaji wanasema lugha yao, chini kuna maandishi ya Kiingereza, nami nasoma na kusimulia juu yake kwa Kiswahili. Kwa kawaida Cornel, mwenye studio, ndiye husimulia, lakini hii aliniachia mimi kwa sababu ilikuwa na wanawake wengi na kupigana kidogo. Yule mzee anaitwa Bwana Yefim. Ni mtu mwenye adabu. Nilijitahidi kumpa Kiswahili cha heshima.

Watu wa kibandani hucheka chochote. Labda walikuwa wanakutazama kwa sababu ya koti.

Kula vizuri, na usitembee kwenye matope bila viatu vya mpira.

Mpwa wako,
Erica


Mpwapwa,
28 Desemba 2023

Mpwa wangu mpendwa Erica,

Salamu za Noeli, ingawa zimechelewa. Daraja lilifunikwa na maji na mabasi hayakupita kwa siku kadhaa. Sweta limenitosha kana kwamba ulinipima. Ahsante sana. Ibada ilikuwa nzuri, kwaya ilipendeza kuitazama. Benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa. Mimi peke yangu nililikalia, siku ya Noeli, wakati watu wengine walisimama hadi nje.

Niwie radhi kwa kurudia swali ambalo umekwisha kulijibu. Umeniambia jina la yule mzee, na adabu yake, na jinsi ulivyomsemea. Hukuniambia alichosema.

Nakuuliza kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza ni watoto wa bombani. Wana mchezo mpya. Mmoja huinama, huweka mkono kifuani, humimina maji kwenye kopo, humpa mwenzake kwa mikono miwili. Mwenzake hunywa, hujishika koo, huanguka. Kisha wote hutazama upande wa nyumba yangu, hukimbia. Mara ya kwanza niliwapigia makofi.

La pili ni shemeji Daudi. Alikuja siku ya pili ya Noeli na baiskeli yake imejaa tope. Hakuvua kofia. Nilimletea maji ya kunywa, akayaweka chini ya kiti. Akasogea kwenye sikio langu zima.

"Shemeji, siku ile dada alikunywa nini?"

"Chai, shemeji. Pamoja na dawa ya kifua aliyopewa zahanati."

"Nani aliimimina?"

"Mimi."

"Wanaume wangapi hapa Mpwapwa huwamiminia wake zao chai?"

Nikamwambia sijui, mimi nililelewa bwenini misheni, tulifundishwa kwamba mwenye afya humhudumia mgonjwa. Akacheka, lakini si kicheko chake ninachokijua.

"Miaka yote ile ulisimamia josho la kijiji. Makopo ya dawa ya kupe yako wapi?"

"Dorkasi aliyapandia maua, shemeji. Unayaona pale ukutani."

Akayatazama makopo yale kwa muda mrefu. Halafu akaondoka bila kuniaga, na maji yake yakabaki chini ya kiti.

Erica, tangu siku hiyo nafunga mlango jua likiwa bado juu. Nina miaka sabini na minane na nimeishi nyumba hii tangu kuoa. Sijawahi kuogopa njia ya kwenda kisimani. Sasa naiogopa.

Niandikie, tafadhali. Usijali kunikosea adabu.

Mjomba wako,
B. Ndahani


Area D, Dodoma,
2 Februari 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Sina habari za kifamilia za kukupa, isipokuwa kwamba bati limewekwa.

Nitakueleza hadithi ya filamu ile ilivyo, siyo nilivyoisimulia.

Bwana Yefim ana mke anayeitwa Zinaida. Mke anaugua kifua. Mume anamhudumia kwa mikono yake, jambo ambalo mabwana wa nchi ile hawakulifanya, na majirani wanamshangaa. Katika onyesho lile uliloliona anampa chai, wanatazamana, hakuna anayesema neno. Ni kimya kitupu, kama dakika mbili, theluji inapiga dirisha. Kisha yanatokea maandishi madogo: baada ya miaka mitatu. Ndipo jeneza. Miaka mitatu, Mjomba! Alimuuguza miaka mitatu. Hakumfanyia lolote baya. Majirani ndio wanaozua kwamba alimwekea sumu, na hadithi nzima ni ya uzushi huo unavyomla mtu asiye na kosa.

Lakini huku kwetu kimya hakikai. Nilipofika kwenye dakika zile mbili nilinyamaza, nikaacha picha ijisemee. Cornel akapiga meza. "Erica, dada yangu, umelala? Watu wamelipa kusikia, hawakulipa kutazama pazia! Mtie maneno huyo mzee!" Nikasema hana maneno. Akasema, "Sasa kazi yako ni ipi?"

Nikamtia maneno. Nikayaruka na yale maandishi ya miaka mitatu, kwa sababu Cornel alisema mtu anayekufa mara moja anauzika zaidi kuliko anayekufa polepole. Hivyo, kwa Kiswahili changu, mzee anampa mke kikombe, na mke yumo jenezani. Kibanda kizima kikaelewa. Hata mimi, nilipoirudia kuisikiliza, nilielewa hivyo.

Nimemwomba Cornel aiondoe sokoni. Amesema imekwisha kunakiliwa kwenye flashi kila wilaya, hata yeye hajui iko wapi na wapi.

Njoo Dodoma ukae nami, Mjomba. Chumba ni kidogo lakini kitatutosha hadi yapite.

Erica


Mpwapwa,
19 Februari 2024

Mpwa wangu mpendwa Erica,

Nimepokea barua yako na kuisoma mara kadhaa. Ahsante kwa ukweli wake. Sitaki kuonekana mtu asiyeridhika, lakini umeniandikia karatasi tatu, na maneno yenyewe hukuyaandika.

Kasisi Tumsifu ameniandikia. Nilimwomba aende kibandani asikilize kwa niaba yangu, akakubali, akavaa kofia ili asitambulike, na kila mtu akamtambua. Alirudi akakaa nami sebuleni muda mrefu, akashindwa kupaza sauti. Mwishowe akayaandika nyuma ya ratiba ya ibada:

"Niwie radhi, mwenzangu, kwa kukusumbua. Kunywa kidogo tu, halafu utapumzika."

Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia Dorkasi maneno hayo kila jioni ya ugonjwa wake, nawe ulikuwa umekaa kwenye mkeka, ukimsugua miguu. Wengine waliyasikia pia. Wakati ule watu walikuja kumwona mgonjwa, Daudi akiwamo. Basi sasa kila aliyewahi kukaa chumbani mwetu anakaa kibandani kwa Meshack na kuyasikia tena, kwa sauti yako, mtoto wa nyumba ile, na baada yake jeneza. Wanasema wewe ulikuwepo, uliona, ukaogopa kusema waziwazi, ukasema kwa njia ya filamu.

Sikulaumu. Uliambiwa mpe maneno mzee mwenye adabu, na mzee mwenye adabu aliyekulea alikuwa mmoja.

Lakini lazima nikuambie yaliyofuata. Juzi asubuhi nilikuta maua ya Dorkasi yameng'olewa na kutupwa. Makopo yale ya josho yalikuwa yamepangwa mstari langoni kwangu, midomo yake ikitazama mlango. Jana, nikiwa kwenye sala ya jioni, jiwe lilivunja dirisha. Sikulisikia. Nilijua pale upepo uliponigusa usoni.

Nimejaribu kujirekebisha. Nimejaribu kuzungumza bila kuomba radhi, kwa sababu kila nikifungua kinywa nasikika kama yeye. Dukani nilisema tu, "Chumvi." Muuza duka akaogopa zaidi.

Kasisi ana shauri. Tarehe tisa Machi Dorkasi atatimiza mwaka tangu atutoke. Kwa desturi yetu nitapika, ndugu zake watakuja, nami nitamgawia Daudi kwanza, naye akila mbele ya watu, msiba unaondoka na maneno yanaondoka. Kasisi anaamini atakuja. Mimi naogopa atakuja, na naogopa hatakuja.

Kuhusu kuhamia Dodoma, hapana, mwanangu. Mtu akiondoka wakati maneno yangali moto, amekiri.

Tangu Novemba nakuuliza mwisho wa yule bwana. Niambie.

Mjomba wako


Area D, Dodoma,
23 Februari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ni kweli. Ni maneno yako. Sikuyatafuta, yalikuja yenyewe, na nilipoyasema nililia, na Cornel alisema, "Safi sana, hivyo hivyo." Nilidhani ninamlilia mama.

Usinitake niandike mwisho. Nitakuja Jumamosi tarehe mbili. Nimeongea na Meshack kwa simu. Amekubali niionyeshe filamu ileile bila sauti yangu ya zamani, nami nitasimama pembeni mwa skrini na kuisema moja kwa moja, neno kwa neno, na maandishi ya miaka mitatu nitayasoma kwa sauti, na kwenye kimya nitanyamaza. Nimemwambia atangaze mtaa mzima. Amesema watu mara mbili ya kawaida watakuja kwa ajili ya kuniona mimi tu.

Uwepo, Mjomba. Kaa mbele. Na hadi siku hiyo usifungue mlango kwa mtu ambaye huuoni uso wake.

Erica


Mpwapwa,
12 Machi 2024

Mpwa wangu mpendwa Erica,

Natumaini ulifika salama siku ile ya Jumapili, na kwamba koo lako limepona. Mbuzi hawajambo. Dirisha limezibwa kwa ubao.

Ulifanya kazi njema, nami sikupata nafasi ya kukuambia. Wewe ulikuwa unaitazama picha. Mimi nilikuwa nawatazama watu. Uliponyamaza kwenye ile chai, kibanda chote kilinyamaza nawe. Hakuna aliyepiga mluzi. Uliposoma miaka mitatu, niliwaona wanawake wakihesabu kimoyomoyo, kisha wakijifuta macho kwa kanga. Mke wa Meshack alilia wazi. Walimwamini Bwana Yefim, Erica. Nadhani kila mtu aliyekuwamo angempa mkono yule Mzungu.

Kisha nikauona mwisho, na nikafahamu kwa nini hukutaka kuuandika. Majirani zake wanapita na mienge kwenye theluji. Mtumishi anamsihi apande gari la farasi. Naye anavaa koti lake, anakaa mezani, anawasha taa kwenye kila dirisha, kwa sababu hana kosa, na mtu asiye na kosa haondoki kwake. Halafu nyumba yote inang'aa, na mwanga huo si wa taa tena, ni moto.

Tulipotoka Daudi aliningoja chini ya mwanga wa taa ya stendi. Aliniinamia sikioni, akanishika bega, na mkono wake haukuwa mkali.

"Shemeji, nimeelewa. Yule mzee hakufanya."

"Ahsante, shemeji."

"Yule hakufanya. Na wewe?"

Nikamjibu kwamba nilimpa dada yake chai na dawa, na kwamba sina filamu ya kumwonyesha. Akaitikia kwa kichwa. Tukaagana kama watu.

Jumamosi, siku ya mwaka wa Dorkasi, alikuja. Walikuja ndugu wote, wakakaa uani kwa mikeka, na Kasisi Tumsifu akaomba. Nilikuwa nimesonga ugali wa uwele mwenyewe, na mlenda, na kuku mmoja. Nilinawisha mikono ya wote. Nilimgawia Daudi kwanza, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyegusa chake, walimngoja yeye.

Alimega tonge. Akalifinyanga vizuri, akalichovya, akaliinua hadi mdomoni. Likakaa hapo. Nilimwona akijilazimisha, Erica. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alifumba macho kama mtoto anayenyweshwa shubiri. Kisha akalirudisha sahanini, polepole, na machozi yakamtoka mtu mzima yule mbele ya wadogo zake.

Akanijia sikioni. "Najua, shemeji. Wallahi ninajua hukufanya. Nimelala nikijua, nimeamka nikijua. Mkono ndio unaokataa."

Kasisi akala. Mimi nikala. Wengine walisema wameshiba walikotoka, wakaaga kwa heshima kubwa, mmoja mmoja, na kila mmoja alinipa mkono, kisha nikamwona kila mmoja, alipofika langoni, akijifuta mkono kwenye nguo. Sidhani walijua wanafanya hivyo. Chakula kile niliwapa kuku, nao kuku wa jirani walipokaribia, jirani alikuja akiwafukuza mbio.

Nimekaa siku tatu nikitafakari. Nilikuwa nikiogopa watu wanaoamini kwamba nimeua. Hao wana uongo, na uongo unaweza kusahihishwa, kama ulivyoonyesha. Sasa nimewaona wanaojua sikuua na bado hawawezi kula kwangu, na kwao sina neno la kusahihisha. Siku mtoto wa mtu akiumwa tumbo mtaani hapa, watakumbuka makopo langoni, na Daudi, anayejua, atakaa kimya na kulia. Hawatakuja kwa chuki, mwanangu. Watakuja kwa hofu, na mwenye hofu hasikii hata kama masikio yake ni mazima.

Bwana Yefim alikuwa na haki ya kubaki, na alibaki. Mimi nimeuona mwisho wake, naye hakuwa ameuona wa mtu yeyote.

Kwa hiyo njoo unichukue. Njoo Jumamosi hii na gari, siku ya gulio, saa ambayo barabara imejaa watu. Usije alfajiri na usije jioni. Simama mbele ya nyumba, upige honi. Nitatoka kwa mlango wa mbele nikiwa nimebeba sanduku mwenyewe, mbuzi nitawaacha kwa Kasisi, na ufunguo nitauweka mkononi mwa Daudi nikimtazama machoni. Nataka wanione ninavyoondoka, ili asiwepo wa kunisimulia.

Kama daraja limejaa tena, zunguka. Usichelewe.

Mjomba wako akupendaye,
Bartolomayo Ndahani